Kuta za Bi Kidawa

Hapo zamani za kale, zamani hasa, kabla paka hawajakubali kulala katika nyumba za watu, walikuwa na nyumba zao wenyewe. Walifagia, walipika, walianika mchele juani, na waligombana kama mnavyogombana nyinyi hapo kwenye jamvi. Sogeeni basi. Na wewe unayemfinya mwenzio, weka mikono juu ya magoti, hadithi hii inakuhusu kuliko unavyodhani.

Palikuwa na nyumba moja ya paka wanne. Mwenye nyumba alikuwa Bi Kidawa, paka mweupe, mzee, aliyezaa watoto wengi na kubakiwa na watatu. Wakubwa walikuwa madume mawili, Faki na mdogo wake Makame. Hao walikuwa na vifua vipana na shingo nene, wakipita njiani hata mbwa wadogo huwapisha. Wa mwisho alikuwa binti, jina lake Mize. Mize alikuwa mdogo wa umbo, ukimtia ndani ya pakacha utadhani pakacha ni tupu. Lakini kichwani, mh, huko hakukuwa na utupu.

Bi Kidawa alikuwa haoni. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe kwa miaka mingi. Lakini ungemkuta nyumbani mwake usingejua, maana alikwenda huku na huku bila kugonga kitu. Siri yake ilikuwa pua. Mtungi wa maji ulinuka udongo mbichi, akaujua. Jiko lilinuka majivu, akakaa mbali nalo. Kisima kilikuwa katikati ya ua, nacho kilinuka kuvu na maji baridi, akakizunguka kwa hatua tatu bila kukosea hata moja.

Na watoto wake pia aliwajua hivyo hivyo. Faki alinuka matope ya mashamba ya mpunga, alikokuwa akiwinda panya. Makame alinuka mbata, kwa sababu alilinda ghala la nazi. Mize alinuka unga. Kila asubuhi Bi Kidawa alipita nguzo kwa nguzo, mlango kwa mlango, akisugua shavu lake, sru, sru, sru. Paka akisugua shavu anasema: hapa pana amani, hapa ni kwetu.

Jioni watoto waliporudi kutoka kazini, aliwanusa mmoja mmoja. "Huyu Makame," atasema, na kumramba kipaji cha uso. "Huyu Faki." Naye akamramba. Aliyefika mwanzo alirambwa mwanzo. Hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Siku moja Makame aliwahi. Faki aliporudi alikuta mdogo wake amelaza kichwa kifuani kwa mama, amefumba macho, ananguruma rrrr, rrrr, ametulia kabisa. Faki aligeuka, akaupa ukuta mgongo, akainua mkia. Mkia ukatetemeka.

Psss.

Msicheke. Na nyinyi wa nyuma pia, nimewasikia. Paka dume akifanya vile si kwamba amebanwa na mkojo, choo anakijua kilipo. Pale anaandika. Anasema: mimi ndiye mkubwa hapa, na huyu mama ni wangu kabla hajawa wako.

Asubuhi Makame aliupita ule ukuta, akasimama, akanusa. Akausoma vizuri. Kisha akaenda dirishani, akajibu. Psss. Faki akajibu nguzoni. Makame akajibu mlangoni. Kufika Ijumaa, nyumba nzima ilikuwa barua moja ndefu ya matusi.

Mize alimfuata kaka yake mkubwa.

"Kaka Faki, ukuta huu umelowa."

"Labda mvua."

"Mvua imenyesha ndani ya nyumba, ikapiga mahali pamoja tu, tena sawasawa na kimo cha mkia wako?"

Faki akajiramba mguu, akajifanya ana kazi.

Mize akachota maji, akachukua majivu na ndimu, akaanza kusugua. Alisugua mpaka kucha zikamuuma. Alipomaliza upande wa kaskazini, upande wa kusini ulikuwa umelowa. Alipomaliza wa kusini, Makame alipita wa kaskazini akasema, "Mbona pananuka ndimu? Nani kafuta maneno yangu?" Psss. Akayaandika upya, safari hii kwa herufi kubwa.

Ikabidi awakalishe chini wote wawili.

"Kaka zangu, mnataka nini?"

"Yeye kaanza," akasema Makame.

"Mimi ndiye mkubwa," akasema Faki.

"Sikuuliza nani kaanza wala nani mkubwa. Nimeuliza mnataka nini."

Faki akasema kwa sauti ya chini, maana lile dume lilikuwa na haya likisema ukweli, "Nataka mama ajue kwamba nipo. Haoni. Nisipoacha harufu yangu, atajuaje?"

"Hata mimi nafanya kwa ajili ya mama," akasema Makame.

Nao hawakuwa wakisema uongo. Hilo ndilo linaloniumiza mimi kila nikisimulia kisa hiki. Wangekuwa wabaya, ningewatukana nikamaliza. Walikula kiapo siku ile kwamba wataacha. Kiapo kiliishi mpaka adhuhuri.

Jirani yao, Bi Kuku, akaja kupiga hodi akiwa amejiziba pua kwa ubawa. "Mwanangu Mize, sikusudii kuwasema. Lakini nimelalia mayai, na upepo unatoka kwenu. Hawa watoto wangu watatoka na mafua humo humo ndani ya ganda." Wiki ile ile akahama. Mize alimsaidia kubeba kiota.

Na Bi Kidawa? Bi Kidawa hakulalamika. Mama wa aina ile halalamiki, ndiyo kasoro yake. Lakini alianza kupotea ndani ya nyumba yake.

Kwanza alikosea mtungi, akatia mdomo kwenye chungu cha mafuta. Siku ya pili alikanyaga jiko, sharubu zikaungua chss. Mize alipomkimbilia alisema, "Si kitu, nilikuwa nawaza mambo yangu." Siku ya tatu Makame alirudi kutoka kazini, akainamisha kichwa ili arambwe, na mama yake akarudi nyuma.

"Nani hapo?"

"Mimi, mama."

"Wewe nani? Sema jina, mwanangu, leo pua yangu imeziba."

Makame alitoka nje akalia. Mnadhani alijifunza? Alifuta machozi akajiambia, mama hanitambui kwa sababu harufu yangu haitoshi. Akarudi ndani, akaongeza. Faki alipoona mwenzake ameongeza, naye akaongeza. Kila mama alivyozidi kuwapoteza, ndivyo walivyozidi kumzamisha.

Kisha ikaja siku ya kisima.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda, Mize anakanda unga. Akasikia kucha za mama yake juu ya mawe, krr, krr. Akainua kichwa. Bi Kidawa alikuwa juu ya ukingo wa kisima, mguu mmoja umeshaning'inia hewani, anaupapasa kama mtu anayetafuta kizingiti.

Mize hakuita. Angeita, mama angeshtuka. Aliruka, akamkamata ngozi ya shingo kwa meno, kama vile yeye mwenyewe alivyobebwa na mama huyo huyo alipokuwa mchanga, akamvuta. Paka yule mdogo alimvuta mzee wake mpaka wote wawili wakaanguka chali kwenye vumbi la ua.

"Nilidhani ni mlango," akasema Bi Kidawa, anahema.

"Ni kisima, mama."

"Mbona hakinuki?"

Mize akakisogelea akanusa. Upande huu wa ukingo, Faki. Upande ule, Makame. Kuvu na maji baridi havikusikika kabisa.

Mize alikaa pale karibu na mama yake kwa muda mrefu. Bi Kidawa alikuwa akitetemeka, na alikuwa akijitahidi asionekane anatetemeka.

Sasa nawaambieni desturi ya paka wa zamani zile. Sikilizeni vizuri, kwa kuwa ujanja wote wa Mize umekaa hapa.

Paka akihisi mwisho wake umefika hafii kitandani. Hutoka. Haagi mtu, haulizwi, na hatafutwi. Kumtafuta ni kumvunjia heshima kubwa kuliko zote. Wanaobaki huukunja mkeka wake na kuusimamisha pembeni, na anayeuona umesimama hana haja ya kuambiwa. Kwa siku saba watoto wake wa kiume huzisafisha kuta kwa mikono yao wenyewe, ili harufu aliyoiacha aliyetoka isifunikwe na kitu. Na katika siku hizo hakuna dume anayeinua mkia ndani ya nyumba. Anayeifunika harufu ya mama yake ni kama amemzika mama huyo kwa mikono yake.

"Mama," akasema Mize, "nataka utoke."

Bi Kidawa akamgeuzia macho yale meupe. "Unataka nife?"

"Nataka utoke tu. Siku saba. Mimi nitaukunja mkeka, na sitasema uongo hata neno moja. Wataona wenyewe, watafahamu wenyewe, watasafisha wenyewe. Siku ya saba nakurudisha kwenye nyumba safi."

Bi Kidawa alicheka, akacheka mpaka akakohoa. "Wewe mtoto. Nami nilidhani sikuzaa mjanja." Kisha akaacha kucheka. "Watalia sana."

"Wacha walie kidogo, mama. Leo nusura nilie mimi."

"Na nitakaa wapi wasininuse? Yule Faki ananusa panya aliye chini ya ardhi."

"Kwa Bi Fungo."

Mnamjua fungo? Ni mnyama anayefanana na paka kwa mbali, ana madoa, na ana harufu ambayo akipita leo, njia inamkumbuka mpaka kesho kutwa. Bi Fungo alikaa peke yake nyuma ya mikorosho. Faki na Makame hawakupita huko hata kwa kupotea njia. Ungeficha ng'ombe mzima kwa Bi Fungo na hakuna pua ambayo ingejua.

"Huko sitanusa kitu, Mize," akasema Bi Kidawa. "Nitakuwa nimepofuka mara ya pili."

"Najua, mama. Siku saba tu."

Wakaenda. Bi Fungo alifungua mlango akashangaa, maana alikuwa hajapigiwa hodi tangu mwaka ule uanze.

"Shikamoo, Bi Fungo."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, lakini… mnaijua hali yangu. Naona haya kuwakaribisha."

"Usione haya kwa harufu uliyozaliwa nayo, jirani," akasema Bi Kidawa, na kuingia. "Mimi nimetoka kwenye mbaya zaidi."

Jioni Faki na Makame walirudi pamoja, wanasukumana mlangoni kila mmoja awahi. Walipoingia wakasimama. Mkeka wa mama ulikuwa umekunjwa, umesimamishwa pembeni.

"Mize," akasema Faki. "Mkeka huu umekunjwa na nani?"

"Na mimi."

"Lini?"

"Asubuhi. Alipotoka."

Hakuna aliyeuliza zaidi, maana haiulizwi. Makame alikaa chini pale pale mlangoni, nusu ndani nusu nje. Faki alianza kutembea. Aliweka pua kwenye ukuta, akaburuta, akaburuta, akafika mwisho wa chumba, akarudi upande wa pili.

"Unafanya nini, kaka?" akauliza Makame.

"Namtafuta. Harufu yake. Lazima ipo."

Makame akainuka, naye akaanza upande wake. Mize aliwatazama kutoka jikoni. Yale madume mawili makubwa yalitambaa yakinusa kuta yalizozigombania.

"Hapa ni mimi," akasema Makame.

"Hapa ni wewe," akasema Faki. "Hapa ni mimi. Hapa ni wewe tena juu yangu."

"Nguzoni?"

"Sisi."

"Dirishani, alipokuwa akipenda kukaa?"

"Sisi, Makame. Kote ni sisi."

Walizunguka nyumba nzima. Nyumba ambayo mama yao aliisugua shavu kila asubuhi kwa umri wake wote haikuwa na mama yao ndani. Mwisho Makame alijikunyata nyuma ya mtungi, kwenye pembe ambayo hawa madume hawakuweza kuinua mkia kwa ufinyu wake, na hapo chini kabisa akakuta alama ya shavu, ndogo, haizidi kiganja.

"Kaka. Njoo."

Wakalala pale wote wawili, pua zimegusana na ukuta, wanavuta pumzi pole pole kwa kuogopa kuimaliza. Faki alilia kwa sauti, na Makame akamramba kipaji cha uso. Hawakuwa wamerambana tangu utotoni.

Kesho yake hawakwenda kazini. Walichota maji, walichukua majivu, wakasugua. Walisugua kuta, nguzo, madirisha, ukingo wa kisima. Mmoja akichoka mwingine anampokea. Siku ya tatu nyumba ilikuwa na harufu ya mbao. Siku ya tano mtungi ulianza tena kunuka udongo. Wakipita karibu na ile pembe walinyanyua miguu kwa hadhari. Na wakaanza kusugua mashavu yao kwenye nguzo, sru, sru, pale mama alipokuwa akisugua, ili pasikae patupu.

Mize kila siku alipeleka chakula kwa Bi Fungo akiwa na habari mpya.

"Mama, Makame ametandika matandiko ya Faki."

"Mwongo wewe."

"Haki ya Mungu. Na Faki amemwachia Makame kichwa cha samaki."

Bi Kidawa alitaka kila kitu kirudiwe mara mbili. Alihesabu siku kwa kucha zake. Alikonda kule, maana chakula kisichonusika hakiliki, lakini alikuwa na furaha. Alikuwa anarudi kwake.

Siku ya saba, mchana, Mize akaja kumchukua. Alimwogesha kijitoni mpaka harufu ya fungo ikapungua. Wakaenda taratibu. Walipofika chini ya dirisha Bi Kidawa akasimama. Upepo ulikuwa unatoka nyumbani unakuja kwao.

"Mtungi," akanong'ona. "Jiko. Kisima, kile pale. Huyo Faki na matope yake. Huyo Makame." Akainua pua juu zaidi. "Mize, naiona nyumba yangu."

"Twende basi ndani."

"Ngoja kwanza. Nataka niwasikie."

Ndani madume wale walikuwa wakizungumza.

"Siku zimekwisha leo, kaka," ilikuwa sauti ya Makame. "Laiti mama angekuwapo. Ningemwomba radhi."

"Ungemwomba. Na mimi ningemwomba. Halafu?"

"Halafu tungekaa naye."

"Angemramba nani kwanza?"

Zikasikika kucha za Makame zikikwaruza sakafu.

"Sema, mdogo wangu. Nani kwanza?"

"Mimi," akasema Makame pole pole.

"Na mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme mimi." Faki akashusha pumzi ndefu. "Tusidanganyane. Sisi ni hao hao. Angekuwapo leo, kesho kutwa ukuta huu ungekuwa umelowa. Tumepatana kwa sababu hayupo wa kumgombania."

"Usiseme hivyo."

"Hata mimi sipendi kusema."

Nje, Bi Kidawa alikuwa ameliweka shavu lake kwenye ukuta wa nyumba yake. Hakulisugua. Aliliweka tu, kisha akaliondoa.

"Nirudishe kwa Bi Fungo, mwanangu."

"Mama, mlango ndio huu. Hatua nne."

"Naujua. Nimeunusa."

"Nitawaambia ni mimi niliyewadanganya. Wanipige mimi."

"Wakishakupiga wewe, watatafutana wao. Umemsikia Faki. Nimemzaa mimi, najua akisema kweli." Alimtafuta binti yake kwa pua, akampata, akamramba kipaji cha uso. "Nimezaa watoto wengi, Mize, na sijapata kuwasikia wawili wanaongea hivyo. Nirudishe kabla upepo haujageuka."

Mize alimrudisha. Njia nzima alikuwa akitafuta ujanja wa pili wa kuufungua ule wa kwanza. Alikuwa fundi wa kufunga mafundo, lakini lile lilimshinda.

Bi Kidawa akakaa kwa Bi Fungo. Kila asubuhi Mize alipita kwenye mashavu ya kaka zake na kitambaa, akijifanya anawafuta matope na vumbi la mbata, kisha akakipeleka kule nyuma ya mikorosho. Bi Kidawa alitoka nje, akakaa mahali penye upepo, akakifunika kitambaa usoni. "Huyu Faki," atasema. "Huyu Makame." Bi Fungo alikuwa akienda mbali saa hiyo, mbali kabisa, mpaka shughuli ile iishe. Hakuombwa, alifanya kwa hiari yake. Masikini Bi Fungo, hakuna aliyewahi kumtungia hadithi.

Kule nyumbani kuta zilikauka na zikabaki kavu. Ukipita ungesema, paka wale wamelelewa. Na kweli walilelewa, na aliyewalea alikuwa hai, hatua mia tatu kutoka pale, na hawakujua.

Miezi ikapita. Mvua za vuli zikaja. Asubuhi moja Mize alifika na bakuli na kitambaa, akamkuta Bi Fungo amekaa nje ya mlango wake.

"Ametoka," akasema Bi Fungo. "Alfajiri. Hakuaga."

Mize aliweka bakuli chini. "Ametoka kwenda wapi?"

Bi Fungo alimtazama tu kwa huruma, na Mize akafahamu kwamba ameuliza jambo lisiloulizwa. Safari hii hakukuwa na ujanja ndani yake. Mama yake alikuwa ametoka kweli, kutoka nyumba isiyokuwa yake. Na desturi ile ile aliyoitumia kuwafunga kaka zake sasa ilimfunga yeye: asimfuate, asimtafute, asimwite.

Alirudi nyumbani kwa mvua. Faki na Makame walikuwa wakila kwenye sahani moja.

"Njoo ule, umechelewa," akasema Makame.

Mize alifungua mdomo. Alitaka kuwaambia, mama amekufa. Lakini hao walikwisha kuuona mkeka. Walikwisha kulia, walikwisha kupewa pole na mtaa mzima, na vidonda vyao vilikuwa vimefunga. Akiwaambia leo, atakuwa amewaulia mama yao mara mbili, na hii ya pili watajua angeweza kuwa nao miezi yote ile. Akakaa chini katikati yao. Machozi yakaanza kumtoka, na alipojaribu kuyazuia, yakamshinda, akalia kama kitoto.

Wale kaka wakaacha kula. Wakatazamana.

"Ni mama?" akauliza Faki.

Mize akaitikia kwa kichwa.

Faki akasogea upande huu, Makame upande ule, wakamweka katikati. "Siku ile alipotoka hukutoa hata chozi," akasema Faki. "Nilikuona, na nilikukasirikia moyoni, sasa nakwambia. Kumbe yalikuwamo. Yamechelewa tu, dada yangu."

"Ndiyo, kaka," akasema Mize. "Yamechelewa."

Walimramba kipaji cha uso kwa zamu, bila kugombania nani aanze, na hawakujua mpaka leo wanamliwaza kwa msiba gani.

Wanangu, kumpenda mtu ni kumwachia nafasi ya kukaa, si kumgombania mpaka akose pa kuishi.